Nimenyimwa medikali baada ya kuwekewa stenti, wenye PPL huku nyanda za juu kusini mlifanyaje?

MbaoMafinga

Kamwene wakuu. Naombeni ushauri kwa wanaojua mambo ya kurusha ndege, hasa nyie wenye PPL, leseni ya rubani binafsi, ambao hamlipwi kwa kurusha, mnarusha kwa mapenzi na kwa shughuli zenu. Mimi nipo Mafinga, nafanya mbao na siku hizi parachichi upande wa Njombe, na kwa miaka mingi narusha Cessna 182, ndege ndogo ya injini moja tunayomiliki watu watatu, inalala kwenye kiwanja cha shamba huku Mufindi. Umri nimeshavuka 50 kwahiyo medikali yangu (cheti cha afya cha rubani) ya daraja la pili ni ya kila mwaka.

Sasa mwaka huu kabla sijaenda kupima nikaanza kubanwa kifua nikipanda mlima, nikaenda Rufaa Mbeya, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ikaonekana haijakaa vizuri, wakanituma Dar taasisi ya moyo pale Muhimbili, kumbe mshipa mmoja wa moyo umeziba, nikawekewa stenti, kile kibomba cha kuuacha mshipa wazi. Namshukuru Mungu na wale madaktari, sasa hivi mlima ule ule napanda naongea na simu. Ila nilipompelekea daktari wa anga makaratasi yangu akasoma yote taratibu, akavua miwani, akasema hapa siwezi kukusainia, kwa sasa hauko fiti kurusha. Basi ikaishia hapo.

Wakuu sijui niseme vipi watu waelewe. Jumamosi asubuhi nilikuwa nafika kiwanjani ukungu bado umelalia chai, nachukua kile kikombe cha plastiki nakinga mafuta chini ya bawa, ile avgas ya bluu, nainyanyua kwenye mwanga kuangalia kama kuna tone la maji limetulia chini, nikiona safi namwaga nahamia bawa la pili. Kitu kidogo tu kile lakini wiki nzima nilikuwa naishi nikikisubiri. Sasa hivi Jumamosi nashinda yadini nahesabu mbao ambazo vijana wameshazihesabu. Mke wangu anasema Mungu amekurudishia uhai wewe bado unalilia ndege, na simlaumu maana yeye ndo alilala kwenye kiti hospitali.

Naomba kujua, hivi leseni yenyewe ndo imekufa au? Kuna njia ya kurudi kwa mtu mwenye stenti? Wenzangu wawili wanataka jibu kuhusu hisa yangu manake bima na matengenezo tunachanga, sio haki kuwaacha wananing'inia. Na yeyote aliyepitia hii, uliishije.

RubaniWaNduli

Pole sana mkuu, na umefanya jambo la maana kwenda hospitali kabla hujapanda ndege na kifua kinachobana.

Nianze na leseni. Leseni haijafa. Leseni na medikali ni vitu viwili, leseni inasema unajua kurusha, medikali inasema mwili wako unaruhusu kwa kipindi hiki, na bila medikali hai huruhusiwi kuitumia leseni kama kamanda wa ndege. Ulichojifunza hakijafutwa na mtu, logibuku lako (daftari la saa ulizorusha) ni lako, ukirudishiwa medikali utatakiwa kufanya mazoezi ya kurudisha mkono na instrakta na uhakiki wa kawaida, huanzi sifuri. Na hizo hesabu za miezi umesema sawa, kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, medikali ya PPL inakaa miezi 60 ukiwa chini ya miaka 40, ukivuka 40 inakuwa 24, ukivuka 50 inakuwa 12.

Stenti sasa. Usichukue neno la daktari kwamba "kwa sasa hauko fiti" ukalisikia kama "basi tena". Nchi nyingi zinataka muda upite kwanza baada ya mshipa kuzibuliwa, Ulaya kwa mfano ni miezi 6 ndo file lako linaanza hata kuangaliwa. Sababu yake ni kwamba miezi ya mwanzo ndo stenti inaweza kuziba tena au damu kuganda juu yake. Muda ukiisha wanataka kuona vitu, na hapa ndo naomba uweke akili yote. Wanataka kipimo cha moyo ukiwa unakimbia kwenye mashine, mara nyingi wanatumia ule mtindo wa Bruce ambao kila dakika 3 mashine inaongeza spidi na mwinuko, na wewe umefungwa waya kifuani, ECG isioneshe moyo unakosa damu. Wanataka echo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ioneshe moyo unasukuma damu vizuri, kwa Ulaya kila pigo litoe asilimia 50 kwenda juu ya damu iliyo kwenye chemba kuu. Wanataka kuona mishipa mingine haina uzibaji mkubwa uliobaki. Wanataka presha, sukari na mafuta ya damu vimeshuka na vinakaa chini, na kama unavuta sigara, umeacha. Aspirini na dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda kwa kawaida sio tatizo, ila kama bado unatumia dawa za nitrati kutuliza maumivu ya kifua hapo ujue bado mapema sana, maana mtu mwenye kifua kinachouma wanamkatalia hata kama dawa inayazima.

Kingine ambacho watu wengi hawakijui, kwenye Annex 1 ya ICAO, ile ya mambo ya leseni, kuna kipengele kinachoruhusu mamlaka, ukiwa hujatimiza kiwango kwa asilimia zote, kukusikiliza kupitia jopo la wataalam na kukupa cheti chenye masharti kama wanaona usalama hautaathirika. Sharti la kawaida kwa rubani binafsi ni kurusha na rubani wa usalama pembeni, yaani mtu mwenye leseni hai na medikali hai, anayeijua aina hiyo ya ndege, ndege ina usukani pande zote mbili, na huyo mtu anajua kabisa una tatizo gani na afanye nini ukizimika. 182 yenu ina usukani mbili kwahiyo hapo hamna shida.

Kwahiyo omba huo uamuzi kwa maandishi, usikubali wa mdomo. Afu anza kutengeneza file sasa hivi wakati madaktari wako bado wanakukumbuka.

GreenCity_87

Mimi naomba nitofautiane kidogo na mkuu hapo juu, kwa nia njema kabisa. Bro uza hisa. Huku kwetu sio pwani. Viwanja vya Nduli (Iringa) na Songwe (Mbeya) vyote viko juu ya futi 4,000, ukitoka hapo kwenda popote unakutana na milima, Kipengere, Mbeya Peak, Rungwe, Kitulo kule juu, na 182 haina presha ndani, hewa unayovuta ni ile ile nyembamba ya nje. Injini moja, rubani mmoja, moyo uliowahi kuziba. Ukizimika juu ya tambarare ya Usangu labda rafiki yako ataishusha, ukizimika kwenye bonde la Mufindi jioni na mawingu je. Una familia, una biashara, wafanyakazi wanakutegemea. Mungu amekupa onyo na umelisikia, lisikilize mpaka mwisho.

RubaniWaNduli

GreenCity hoja yako ya mwinuko ni ya kweli na wala siipuuzi. Ndo maana nimesema file kwanza, sio ndege kwanza. Ila uamuzi wa kama moyo wake unahimili futi 9,000 au hauhimili utolewe na mashine na jopo, usitolewe na hofu yetu sisi tusioona vipimo vyake. Jopo linaweza kusema hapana, na likisema hapana mimi wa kwanza nitamwambia akae chini.

MamaKelvin_Iringa

Kaka yangu MbaoMafinga pole sana. Naomba niongee kama mke, maana naona wote mnaongelea mashine.

Mume wangu alikuwa na PPL, alijifunzia ukubwani kwa hela yake ya mahindi na alizeti. Siku moja akapata degedege usiku, ukubwani, hajawahi kuwa nayo toka azaliwe. Wakampima, wakasema kifafa. Kwa kifafa kaka hamna mtu anakudanganya, yeye mwenyewe alijua kabla hata daktari hajamaliza sentensi. Alirudi nyumbani akaweka logibuku na headset kwenye sanduku la nguo za baridi akafunga. Nikajua atalia, hakulia. Ikawa ndege ikipita juu ya nyumba, na sisi tuko karibu na njia ya Nduli zinapita, wote tunanyanyua vichwa, mpaka mtoto mdogo anapunga mkono, yeye anaendelea kuangalia sahani. Hiyo ndo ilikuwa inaniumiza kuliko ugonjwa wenyewe.

Kilichokuwa kinamkera ni watu kumwambia mshukuru Mungu, ungekuwa angani je. Ni kweli, na yeye ni mtu wa sala, lakini kila mtu akija anakuambia ushukuru unafika mahali unaona huruhusiwi hata kusikitika. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo hivyo mpaka mchungaji wetu akaniambia mama huyu amefiwa, acha amalize msiba wake. Toka siku hiyo nikaacha kumhubiria. Nikawa nakaa naye tu jioni, akitaka kuongea anaongea, asipotaka tunachambua maharage.

Na alinyamaza muda mrefu kaka. Halali, hali, shambani haendi, hasira kwa watoto kwa vitu vya ajabu. Ile ilikuwa sonona na tulichelewa kuiita kwa jina lake. Alipata msaada hospitali, akaongea na mtu anayejua kuongea na watu, na dawa kidogo.

Kilichomnyanyua kwa kweli ni rafiki zake wa hangani. Wangemwacha angeisha. Walikuwa wanapiga simu "mzee njoo tunaenda Msembe kule Ruaha kesho, kiti cha kulia hakina mtu", anakataa, wiki ijayo wanapiga tena, anakataa, wakaendelea kupiga. Siku aliyokubali alikaa kulia kama abiria na ramani mapajani, akarudi na vumbi la Ruaha mpaka kwenye nyusi anaongea mfululizo kama redio. Sasa hivi anafundisha vijana nadharia sebuleni kwangu, hali ya hewa, kusoma ramani, mahesabu ya uzito na mafuta, wapo wawili wanaojiandaa kwenda kusomea. Kwenye meza yangu ya kulia kuna ramani ya anga imebandikwa na selotepu na nimeiacha ibaki hapo.

Kwahiyo kaka swali lako la "uliishije", nakujibu hivi, usikae peke yako yadini unahesabu mbao. Na mwambie mkeo kwamba hulilii ndege, unalilia sehemu yako. Ataelewa, alilala kwenye kiti kwa ajili yako.

MpendaAnga_Tukuyu

Mama Kelvin umeniliza hapa dukani, ubarikiwe.

MbaoMafinga ngoja nikupe habari ya mtu mmoja, Deke Slayton. Alikuwa mmoja wa wale wanaanga 7 wa kwanza wa Marekani, waliochaguliwa 1959. Mwaka 1962 akiwa anajiandaa kwa safari yake, wakamzuia kwa sababu moyo wake ulikuwa unapiga bila mpangilio. Wenzake wote wakaenda angani yeye akabaki chini. Hakuondoka, akawa bosi wa wanaanga, yeye ndo alikuwa anapanga nani anaruka na nani, mpaka wale waliokwenda mwezini walipita mezani kwake. Akaendelea kujitunza na kupimwa, 1972 wakamrudishia kibali, na 1975 akaruka kwenye ile safari ya pamoja ya Wamarekani na Warusi, Apollo na Soyuz, akiwa na miaka 51. Miaka 13 toka wamsimamishe. Rika lako kabisa mkuu.

MbaoMafinga

Wakuu nimesoma zote, nyingine nimezirudia. Dada MamaKelvin, nilimpa mke wangu simu asome ile yako, alisoma akanyamaza akaenda jikoni, akarudi akaniuliza hivi huyo rubani wa usalama anatakiwa awe nani. Nilishindwa kujibu kwa muda.

GreenCity nimekuelewa pia ndugu yangu, hayo ya bonde nayajua kwa macho, hujaniudhi.

Naomba niulize jingine. Jamaa mmoja ameniambia Marekani rubani binafsi hahitaji medikali siku hizi, anatumia kitu kinaitwa BasicMed, na Uingereza unajaza fomu mwenyewe kwamba uko fiti. Sasa je mtu hawezi kutumia hiyo? Na kuna mwingine, huyu sitamtaja hata eneo, aliniambia kwa sikio kwamba kwenye kiwanja cha shamba nani anakuuliza medikali.

DaktariMbeya

Habari zenu. Mimi ni tabibu wa kawaida hapa Mbeya, sio daktari wa anga, lakini nina wagonjwa wa moyo kila wiki, na hili la mwisho limenifanya niandike.

Aliyekuambia nani anakuuliza, usimsikilize. Sheria kwanza, Annex 1 hiyo hiyo inamkataza mwenye leseni kurusha akijua afya yake imeshuka, hata kama cheti mfukoni bado kina tarehe. Pili bima, soma mkataba wenu, bima za ndege kwa kawaida zinataka kamanda awe na leseni na medikali hai, ukikwangua tu bawa kwenye mti wa chai, wenzako wawili wamepoteza ndege nzima kwa ajili yako. Na tatu yule atakayekuwa chini, mvuna chai hakuombwa ruhusa. Unajua Machi 2015 ile ndege ya Germanwings, rubani msaidizi alificha ugonjwa wake wa akili kwa mwajiri, watu 150 wakafa. Kesi yako haifanani kabisa na ile, lakini madaktari wanaposisitiza kusema ukweli, wanakumbuka mambo kama yale.

BasicMed ipo kweli, ilianza 2017, na Uingereza tamko la kujijazia rubani binafsi limekuwepo toka 2016. Lakini hivyo ni vya ndani kwao, sio medikali ya ICAO, huku kwetu ndege ya usajili wa 5H inafuata kanuni za Tanzania. Na hata BasicMed yenyewe, mwenye stenti anatakiwa kwanza apite kwenye uchunguzi maalum wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, angalau mara moja, na mtu ambaye ombi lake la mwisho la medikali limekataliwa hawezi kuitumia kukwepa. Kwahiyo sio mlango wa uani kama anavyokuambia huyo jamaa.

Ili usione kama wanakuonea, madaktari wa anga wana kipimo wanachokitaja sana, asilimia 1 kwa mwaka. Yaani kwenye ndege yenye marubani wawili, uwezekano wa rubani mmoja kuzimika ghafla ndani ya mwaka usizidi 1 kati ya 100. Mtu aliyewekewa stenti hivi karibuni anaweza kuwa juu ya hapo, mtu huyo huyo baada ya muda, akiwa na vipimo safi, mafuta ya damu yako chini na kitambi kimepungua, anaweza kushuka. Kwahiyo mazoezi na chakula unavyofanya sasa hivi ndo vinajenga hilo file lenyewe. Punguza nyama choma za Jumapili, chumvi, na ulanzi uwe wa kuonja tu. Tembea kila siku, na dawa usiruke hata moja ukiona umepona.

Na kwa wote wanaosoma, MamaKelvin ametaja sonona. Marubani wengi wanaogopa kwenda hospitali kwa sonona wakidhani ndo mwisho wa leseni. Huko nyuma ilikuwa karibu ni hivyo, lakini mambo yamebadilika, Marekani toka 2010 wanaruhusu baadhi ya dawa za sonona kwa uangalizi. Hata kisukari cha sindano ya insulini, ambacho zamani kilikuwa ni hapana moja kwa moja, wao rubani binafsi wanamfikiria mmoja mmoja toka 1996. Kwahiyo nenda utibiwe kwanza.

RubaniWaNduli

Daktari asante sana, umemaliza.

Mkuu kuhusu hisa, hilo ni la mfuko wako na wenzako, ila ushauri wangu usiuze ukiwa na huzuni. Waombe wenzako mpaka muda wa kusubiri uishe na jopo liseme neno. Kwa sasa muweke mmoja wao kamanda, kwenye makaratasi na kwa bima pia, wewe kaa kulia, fanya redio na ramani. Ukitaka kushika usukani tafuta instrakta, yeye awe kamanda wewe uwe kama mwanafunzi, mkono usikauke.

MbaoMafinga

Sawa mkuu. Nimeshaongea nao jana, wamekubali kusubiri, nitaendelea kuchanga bima na hanga, saa za injini analipa anayerusha. Mmoja amesema Jumamosi anaenda Songwe na nimemwambia nakuja. Kuhusu file, ripoti za hospitali ninazo zote za karatasi, zinatosha?

RubaniWaNduli

Hazitoshi. Rudi pale walipokuwekea stenti uombe picha zenyewe za mishipa kwenye CD, ya kabla na ya baada, jopo linataka kuona picha sio maelezo ya mtu. Omba na maandishi ya aina ya stenti na mshipa gani. Tengeneza kopi mbili, moja usiitoe nyumbani. Kipimo cha mashine usikifanye sasa, kifanye muda ukikaribia kuisha ili kiwe kipya, na ukienda kukifanya usiache dawa zako mpaka daktari wa moyo akuambie. Ukipata ile barua ya maandishi niandikie inbox, nitakusaidia kupanga maombi.